Gesi Haiishi: Kumbukumbu za Fundi wa Majokofu

Tangu tarehe 1 Januari 2025, nchi zinazoendelea zilizo wanachama wa Itifaki ya Montreal, Tanzania na Kenya zikiwamo, zinatakiwa ziwe zimepunguza kwa asilimia 67.5 matumizi ya kundi la gesi za majokofu liitwalo HCFC, ambalo katika karakana za Afrika Mashariki linajulikana zaidi kwa jina la R-22, na kiwango kinacholinganishwa ni wastani wa matumizi ya miaka ya 2009 na 2010. Ifikapo 2030 itakayoruhusiwa ni sehemu ndogo tu ya kuhudumia mashine kuukuu. Habari hii imewafikia wenye bucha, wauza samaki na wenye hoteli ikiwa na sura moja tu, nayo ni bei: je, inunuliwe mitungi ya akiba, au mashine itupwe? Swali ambalo lingepaswa kutangulia haliulizwi, yaani kwa nini mashine ambayo gesi yake imefungwa ndani ya mabomba tangu siku ilipounganishwa ihitaji kujazwa gesi kila mwaka. Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kupitia miaka ambayo mwandishi wake aliishi kwa ufundi wa majokofu ya biashara, kwanza akiwa saidia fundi huko Kariakoo, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha akiwa fundi wa kuitwa huku na huku kando ya pwani, na msimamo wake ni kwamba uhaba wa R-22 umekuja kufichua ukosefu wa matunzo ambao ulikuwapo siku zote na ambao gesi ya bei nafuu ilikuwa ikiufunika.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kazi ya jokofu, ambayo ni kulichukua joto mahali penye chakula na kulitupa nje. Ndani ya koili iliyo upande wa chakula, ambayo kitaalamu huitwa evaporeta, gesi ikiwa katika hali ya kimiminika huchemka kwenye baridi kali (R-22, kwa mfano, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 41 za Selsiasi chini ya sifuri) na katika kuchemka huko hulinyonya joto la nyama, samaki au soda. Kompresa, ambayo ni pampu inayoendeshwa na mota, huuvuta mvuke huo na kuubana mpaka ukawa wa moto na wenye presha kubwa. Mvuke huingia katika koili ya nje, yaani kondensa, ambako hewa inayopulizwa na feni huupokonya joto na kuurudisha kuwa kimiminika. Halafu kimiminika hulazimishwa kupita katika njia nyembamba, ambayo kwenye majokofu madogo ni mrija wa shaba uitwao kapilari na kwenye makubwa ni valvu ya upanuzi, presha yake ikashuka ghafla na mzunguko ukaanza upya. Katika safari hiyo yote hakuna mahali ambapo gesi huunguzwa, huliwa wala kuchakaa.

Katika karakana ambako mwandishi alianzia, mwanafunzi hakuruhusiwa kuigusa geji, yaani kipimo cha presha chenye mipira ya rangi ya bluu na nyekundu ambacho machoni pa vijana ndicho kilikuwa alama ya ufundi, mpaka awe amesafisha kondensa kwa miezi kadhaa. Alichokabidhiwa ni brashi ya rangi, ndoo, sabuni ya unga na kitana cha chuma cha kunyooshea mapezi ya alumini, yaani vile vibati vyembamba vilivyopangwa kwenye koili ili kuongeza eneo la kutolea joto. Mwandishi aliiona kazi hiyo kuwa ya kufagia, akanung'unika kama walivyonung'unika wenzake. Mafriji mengi yaliyoletwa yalikuwa ya soda, na yaliyokuwa katika hali mbaya kuliko yote ni yale yaliyokaa jirani na meko ya chipsi, kwa sababu mvuke wa mafuta ya kukaangia hutua kwenye mapezi ukayafanya yanate, kisha vumbi la barabarani likaganda juu yake tabaka kwa tabaka mpaka koili ikaonekana kama imevikwa blanketi la kijivu.

Mkuu wa karakana hakuwa mtu wa maelezo marefu, ila alikuwa na desturi moja iliyofundisha kuliko maelezo: kabla ya brashi kupita, alimtaka mwanafunzi aguse bomba linalotoka kwenye kondensa, ambalo mara nyingi halikushikika kwa joto, na baada ya koili kuoshwa na mashine kuzunguka kwa muda, alimtaka aliguse tena. Tofauti iliyosikika kwenye kiganja ndiyo ilikuwa somo zima. Katika jiji ambalo hewa ya mchana hufika nyuzi 32, kondensa yenye afya hulazimika kuwa na joto la nyuzi 10 hadi 15 zaidi ya hewa hiyo ili iweze kulitoa. Ikizibwa na uchafu hulazimika kupanda juu zaidi, presha ikapanda nayo, kompresa ikavuta umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile, mafuta yake yakapoteza ulaini, na mwishowe nyaya za mota zikaungua ndani ya chungu cha chuma kilichochomelewa ambacho hakifunguliki kwa matengenezo. Mwenye duka huambiwa kwamba kompresa imekufa, naye huamini kwamba ilikufa siku hiyo.

Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania kinalo neno linaloyaeleza vizuri mateso mengine ya mashine hizo. Soda ambayo haikuwekwa kwenye friji huitwa soda ya moto, ingawa hakuna aliyeipasha, na mteja huulizwa kama anataka ya baridi au ya moto bila yeyote kuona ajabu. Jina hilo ni sahihi kuliko wanavyodhani walitumiao, kwa maana kila kreti ya soda za moto inayoingizwa saa sita mchana, katika friji ambayo mlango wake unafunguliwa kila dakika na ambayo rafu zake zimejazwa mpaka hewa haina pa kupita, ni mzigo wa joto ambao kondensa iliyozibwa haiwezi kuubeba. Joto likishindwa kutoka, soda hazipoi, na mwenye friji hufikia hukumu aliyoizoea: gesi imeisha.

Hukumu hiyo ndiyo iliyomfundisha mwandishi aibu ya ufundi wake. Katikati ya miaka ya 1990, akiwa sasa anaruhusiwa kushika geji na hata kutumwa peke yake, alikuwa akienda kwenye bucha moja karibu kila baada ya miezi mitatu kukijaza gesi chumba cha baridi cha nyama. Alifika, akaunganisha mipira, akafungua mtungi, akasubiri bomba la kurudi kwenye kompresa liote umande, akalipwa, akaondoka. Mwenye bucha aliridhika, kwa kuwa kwake yeye gesi ya jokofu ilikuwa kama mafuta ya gari au gesi ya kupikia, ambayo hutumika ikaisha. Karakana iliridhika pia, kwa kuwa mteja wa kila miezi mitatu ni mteja mzuri. Aliyekuja kuivuruga biashara hiyo ni fundi mgeni, ambaye alipitisha povu la sabuni kwenye maungio na kuonyesha nati moja, karibu na valvu ya upanuzi, ikitoa mapovu madogo kama ya mtoto mchanga mdomoni. Nati ilikatwa, shaba ikapanuliwa upya, maungio yakajaribiwa kwa naitrojeni yenye presha, hewa na unyevu vikavutwa kwa pampu ya vakyumu, chujio la kukaushia unyevu, ambalo mafundi huliita drya, likabadilishwa, ndipo gesi ikaingizwa kwa kupimwa kwenye mizani. Mwandishi hakuitwa tena mahali pale kujaza gesi.

Somo la bucha ile halikuishia kwenye nati. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anauuza ugonjwa uleule mara nne kwa mwaka, na lugha inamsaidia kufanya hivyo, kwa sababu msemo wa gesi kuisha humwondolea kila mtu wajibu: kitu kilichokwisha hakina mkosaji. Kama ingezoeleka kusemwa kwamba gesi imevuja, swali la pili lingekuja lenyewe, nalo ni wapi. Inafaa pia kukiri kwamba kilichovuja katika bucha nyingi za miaka ile kilikuwa R-12, mojawapo ya gesi za CFC zilizobuniwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na Thomas Midgley pamoja na wenzake, na ambazo wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha mwaka 1974 kwamba klorini yake inaiharibu tabaka ya ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilitungwa kwa sababu hiyo. Kijana wa Kariakoo aliyekuwa akifungua valvu ili kutoa hewa kwenye mpira, na kuiacha gesi ipige mluzi kwenda angani, hakuwa amesikia lolote katika hayo.

Kilichomshangaza zaidi alikikuta baadaye katika kiwanda cha barafu cha mji mmoja wa pwani, ambako alifanya kazi kwa muda usiofika miaka miwili. Kiwanda hicho kilitumia amonia, gesi ya kale katika kazi hii, ambayo huila shaba na kwa hiyo mabomba yake yote ni ya chuma, na ambayo huyapoza maji ya chumvi yaliyo ndani ya tangi kubwa, ambamo vibati virefu vilivyojazwa maji matamu hutumbukizwa mpaka maji hayo yakaganda kuwa mapande ya barafu ya kuuziwa wavuvi. Mashine zilikuwa kuukuu kuliko fundi yeyote aliyekuwapo, lakini zilitunzwa kwa namna ambayo mwandishi hakuwahi kuiona mjini. Kila saa, usiku na mchana, mtu wa zamu alizunguka na daftari, akaandika presha ya kuvuta na presha ya kusukuma, joto la maji ya chumvi, joto la maji ya kupoza kondensa na kimo cha mafuta. Mafuta yaliyokusanyika chini ya matangi yalitolewa kwa siku zake maalumu. Na valvu moja ikishukiwa, mzee aliyekuwa mkuu wa zamu aliwasha utambi wa salfa na kuupitisha kando yake, kwa kuwa moshi wa salfa ukikutana na amonia hugeuka kuwa ukungu mweupe unaoonekana hata gizani kwa mwanga wa tochi.

Mwandishi alipomuuliza mzee huyo kwa nini hapo utaratibu haukiukwi, jibu lilikuwa ni kugusa pua. Amonia hutambulika kwa harufu hata ikiwa kidogo mno hewani, na ikizidi hukaba pumzi na kuchoma macho. Uzembe wa saa nane usiku hulipwa saa nane na dakika moja, tena na yuleyule aliyezembea. Midgley na wenzake walikuwa wametafuta gesi isiyonuka, isiyowaka na isiyomdhuru anayeivuta, na kwa usalama wa nyumba na maduka hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini pamoja na harufu walimwondoa mlinzi. Gesi isiyonuka iliwafundisha mafundi wa vizazi vitatu kwamba kuvuja si tukio, na huenda historia ya matunzo ya majokofu katika karne ya 20 ikasomeka vizuri zaidi kwa kufuata pua kuliko kwa kufuata vitabu vya mafunzo.

Daftari, hata hivyo, laweza kuwapo na matunzo yasiwepo, na hilo mwandishi alilikuta katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kwenye mlango wa friza kubwa ya samaki lilining'inia jedwali la joto lililojazwa asubuhi na jioni, na ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa na namba moja, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa mwandiko mmoja na kwa kalamu moja. Mstari ulionyooka namna hiyo hauwezekani. Friza ya biashara huyeyusha theluji ya koili yake mara kadhaa kwa siku, ama kwa hita ama kwa mvuke wa moto, kwa sababu theluji ikiachwa huizuia hewa kama godoro. Kila inapoyeyusha joto hupanda, na kila shehena ya samaki inapoingia joto hupanda tena. Kipimajoto alichokuja nacho mwandishi kilisoma nyuzi 9 chini ya sifuri, hita ya kuyeyusha ilikuwa imekatika, na nyuma ya vifuniko koili ilikuwa gogo moja la barafu.

Ilikuwa rahisi kuwaita wapishi waongo, na meneja alifanya hivyo. Mazungumzo ya baadaye, jikoni, yalionyesha jambo tofauti: mpishi wa kwanza aliyeandika nyuzi 11 chini ya sifuri aliitwa ofisini na kuulizwa amefanya nini, wa pili akaambiwa aangalie vizuri, na wa tatu akajifunza. Jedwali lilikuwa limegeuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi ya anayelijaza. Hatari ya jambo hilo haikuwa ndogo, kwa kuwa mle ndani mlikuwa na jodari, samaki ambaye asipopozwa ipasavyo tangu anapotoka majini na katika kila kituo cha safari yake, bakteria huigeuza asidi-amino iitwayo histidini iliyo katika nyama yake kuwa histamini, sumu ambayo humtia mlaji wekundu wa uso, maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo ya haraka, na ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandishwa upya. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya karatasi: kwenye jedwali iliongezwa safu ya tatu ya kuandika sababu, na meneja akakubali, kwa shingo upande, kwamba namba mbaya yenye sababu haitamfanya mtu aitwe ofisini. Ndani ya wiki moja namba zilianza kupanda na kushuka kama inavyopaswa.

Hoteli ileile ndiyo iliyoonyesha uadui wa bahari. Kondensa zilikuwa zimewekwa upande wa ufukweni, zikipokea upepo wa chumvi wa kaskazi na wa kusi, na kwa kuwa chumvi yenye unyevu huiharakisha kutu mahali alumini inapogusana na shaba, mapezi yalikuwa yamegeuka unga mweupe uliodondoka kwa kuguswa. Kuosha kwa maji matamu kila wiki kungeyaongezea miaka. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kazi hiyo, maana haikujulikana kama ni ya fundi, ya mtunza bustani au ya nani.

Kuhusu umeme, migao mikali ya 2006 na 2011 ilifundisha jambo moja tu la kuongeza. Kompresa iliyozimika huhitaji dakika 3 hadi 5 ili presha za pande mbili zikaribiane kabla haijawashwa tena, na umeme unaokwenda na kurudi kwa sekunde chache, au unaorudi ukiwa dhaifu, huilazimisha mota kuanza ikiwa imebanwa. Kile kifaa cha kuchelewesha umeme kinachouzwa kwa jina la friji gadi kiliokoa mashine nyingi kuliko mafundi wote wa jiji kwa pamoja, mwandishi akiwa miongoni mwao.

Gesi zilizofuata R-12 na R-22 zimeirudisha hoja mahali pake kwa njia mbili. R-134a na R-404A hazidhuru ozoni, lakini kilo moja ya R-404A ikivuja huipasha joto dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na takribani tani 3.9 za kaboni dioksidi, na ndiyo maana Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyokubaliwa Kigali Oktoba 2016 yanazibana gesi hizo nazo, nchi nyingi zinazoendelea zilizoyaridhia zikiwa zimefungiwa kiwango tangu 2024. Kwa upande wa pili, friji mpya za soda na aiskrimu zinakuja na R-290, ambayo ni propani safi isiyotiwa harufu, kwa vipimo vya gramu, na ambayo inawaka. Mwandishi amekwisha kukuta friji ya zamani ya R-134a iliyojazwa gesi ya kupikia na fundi aliyesikia kwamba propani ndiyo gesi ya kisasa, swichi zake za umeme zikiwa zilezile za kutoa cheche, ndani ya kibanda chenye jiko la mkaa. Hatari imerudi kwenye kazi hii, safari hii bila harufu.

Msambazaji mmoja wa aiskrimu aliwahi kuuvunja mkataba wa matunzo na mwandishi kwa maelezo kwamba kwa miaka miwili hakuna friza hata moja iliyoharibika, hivyo haoni anacholipia. Hoja hiyo ilikosa jibu siku ile, kwa kuwa ubovu ambao haukutokea hauwekwi mezani. Tangu hapo mwandishi alianza kumwachia kila mteja daftari dogo lenye presha, joto na kiasi cha umeme unaovutwa na kompresa kabla ya brashi na baada yake, na jaribio la mpira wa mlango, ambalo hufanywa kwa kufunga mlango juu ya noti ya shilingi elfu moja na kuivuta: ikitoka bila kung'ang'ania, mpira umelegea na baridi inatoka nayo. Baadhi ya wateja waliyatumia madaftari hayo kuandikia madeni.

Mapema mwaka 2025 mwandishi aliitwa na mama mmoja muuza samaki, mwenye chumba cha baridi cha R-22 kilichozidi miaka ishirini, ambaye alitaka ushauri kama anunue mtungi wa akiba kabla bei haijapanda zaidi. Kabla ya kujibiwa alivuta mtoto wa meza na kutoa daftari lililolowa maji ya samaki pembeni. Mstari wa mwisho uliotaja gesi ulikuwa wa 2011, kwa mwandiko wa mwandishi mwenyewe, na chini yake palikuwa na kurasa za miaka kumi na minne, zilizoandikwa na kijana ambaye hakumjua: brashi, maji matamu, noti, presha ileile, brashi, maji matamu, mpira mpya, presha ileile. Mtungi haukununuliwa.